Maswali ya wasomaji: Kwenda kuona nyumba aliyozaliwa Mozart

Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba nyumba aliyozaliwa Mozart, yule mtunzi wa muziki, kule Salzburg nchini Austria ni makumbusho na mtu yeyote anaingia, basi maswali yakaanza kumiminika. Nimeyachagua yale yaliyogusa mambo ambayo wengi mmeuliza, na mengine nimeyaunganisha.

Shikamoo dada. Mimi ni Mkenya, niko Munich nasomea uuguzi. Mamangu anakuja kunitembelea mwezi wa tisa na visa ya Ujerumani, na kwa vile ameimba kwaya tangu usichana wake nataka nimpeleke kwa Mozart. Sasa naona kuna nyumba mbili Salzburg, ya ukweli ni gani? Na visa yake itamruhusu kuvuka? Magoti yake pia si mazuri sana.

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kumfikiria mama. Nianze na visa: Ujerumani na Austria zote ziko Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, kwa hiyo visa aliyopewa na Wajerumani inamtosha kabisa. Ila bebeni pasi zenyewe, sio picha kwenye simu, na wewe beba kadi yako ya ukaazi, manake wakati wa kurudi polisi wa Ujerumani huwa wanaingia kwenye treni hapo mpakani kukagua, na sisi weusi tunaombwa karatasi haraka kuliko wengine, hilo tunalijua wote, sasa usimtie mama presha bure kwa kitu ambacho unaweza kukiweka kwenye mkoba asubuhi.

Treni za mkoa kutoka Munich zinafika Salzburg chini kidogo ya saa mbili. Kata Bayern-Ticket, tiketi ya siku moja ya treni za mkoa, ya watu wawili, inafika mpaka stesheni kuu ya Salzburg ingawa ni nchi nyingine, lakini siku za kazi inaanza kutumika saa tatu asubuhi. Kama wewe tayari una Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, nayo inafika hapo, basi utamkatia mama peke yake.

Nyumba zote mbili ni za ukweli. Ya kwanza ni Getreidegasse namba 9, ile ya rangi ya njano inayopigwa picha sana, ndiko alikozaliwa tarehe 27 Januari 1756, saa mbili usiku, ghorofa ya tatu. Wazazi wake walikuwa wapangaji tu pale, mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa viungo na vyakula anaitwa Hagenauer, rafiki mkubwa wa baba yake. Walikaa hapo tangu 1747 mpaka 1773, miaka 26. Ya pili iko ng'ambo ya mto, uwanja unaoitwa Makartplatz namba 8, ndiko walikohamia Mozart akiwa na miaka 17, nafasi kubwa zaidi, vyumba vinane, na baba mzee Leopold akaishi hapo mpaka kufa kwake 1787.

Sasa kuhusu magoti. Ile ya Getreidegasse ni jengo la kale, refu na jembamba, na kitu unachokifuata kiko juu, ngazi zipo za kutosha. Ya Makartplatz ilipigwa bomu tarehe 16 Oktoba 1944, sehemu kubwa ikaanguka, wakajenga jengo la ofisi mahali pale na baadaye wakalibomoa, nyumba ikajengwa upya kwa kufuata ilivyokuwa, ikafunguliwa Januari 1996. Kwa hiyo kwa mtu asiyependa ngazi hii ndiyo rahisi. Ushauri wangu: anzeni na Makartplatz, ni kama robo saa kwa miguu kutoka stesheni na mnapita bustani ya Mirabell ambayo ina viti vya kupumzika, kisha mvuke mto taratibu mpaka Getreidegasse, na mama akiona ngazi zinamshinda atakuwa ameshaona mengi. Watu wengi wanafanya kinyume, wanakimbilia ile ya njano, wanajibana na makundi ya mabasi ya watalii halafu hii nyingine hawaifiki kabisa. Mimi naona wanakosa nusu ya habari, na pengine nusu iliyo nzito.

Dada, kuna mtu aliniambia nisipoteze hela, eti ndani hakuna hata kitanda alicholalia. Ni kweli? Kuna nini sasa cha kuona? (Msomaji, Dar)

Ni kweli kitanda hakipo. Ile familia haikujua kwamba siku moja dunia nzima itataka kuona walipolala, vitu vyao viligawanywa na kutawanyika kama vya familia yoyote. Kuna chumba kimepangwa kwa samani za enzi zile ili uone watu wa hali yao waliishije, lakini usiingie ukitafuta makochi. Ingia ukitafuta vyombo vya muziki.

Kuna violini yake ya utotoni, ndogo, ya saizi ya mtoto. Kuna violini aliyoipiga akiwa mkubwa. Kuna klavikodi, kinanda kidogo cha sauti ya chini sana, ambacho mke wake Constanze aliacha maandishi yanayosema mumewe alitungia juu yake opera ya Zauberflöte, yaani Filimbi ya Ajabu, na ile Misa ya wafu, Requiem. Halafu Makartplatz ipo piano yake ya tamasha iliyotengenezwa na Anton Walter wa Vienna, ukiiona utashangaa ilivyo nyepesi na nyembamba ukilinganisha na piano za sasa. Kuna picha aliyochorwa na shemeji yake Joseph Lange ambayo haikumalizika, watu wengi waliomjua Mozart kwa sura wamemjua kupitia picha hiyo. Na kuna barua, barua nyingi mno, hii familia iliandikiana sana.

Lakini kitu ambacho mimi ningekuomba ukifanye ukiwa ghorofa ya tatu ni kuhesabu vyumba. Jiko, kachumba kadogo, sebule, chumba cha kulala, chumba cha kazi. Basi. Hapo ndani mama yake, Anna Maria, alizaa watoto saba na watano akawazika wangali wachanga, akabaki na Maria Anna waliyemwita Nannerl, aliyezaliwa 1751, na huyu wa mwisho Wolfgang, ndiye Mozart wetu. Humo humo Leopold, mpiga violini wa askofu mkuu, alifundisha wanafunzi na akaandika kitabu chake cha kufundishia violini kilichotoka mwaka ule ule aliozaliwa Wolfgang. Humo humo kuna daftari la muziki alilomwandalia Nannerl mwaka 1759 akiwa na miaka minane, na mdogo wake akaanza kujifunzia hilo hilo, na baba akawa anaandika pembeni ya nyimbo: hii Wolfgang ameijua tarehe fulani. Kipande kimoja aliandika kwamba mtoto alikijua tarehe 24 Januari 1761, siku tatu kabla ya kutimiza miaka mitano, kati ya saa tatu na saa tatu na nusu usiku. Saa tatu usiku, Januari, baridi ya Salzburg, na katoto ka miaka minne kako kwenye kinanda. Ukijua hilo kabla ya kuingia, hutasema vyumba ni vitupu.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, lakini usiende hujasoma chochote. Nyumba za namna hii hazimpi kitu mtu aliyekuja kupiga selfi mlangoni, na kama ndicho unachotaka ule mlango uko barabarani, ni bure.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, nasoma Dodoma. Nimesikia Mozart alikuwa na dada ambaye na yeye alikuwa anajua sana, hata kuliko yeye. Je, kwenye hiyo makumbusho wanamtaja au wamemsahau?

Mdogo wangu swali lako limenifurahisha kuliko yote. Hawajamsahau, utamkuta kwenye nyumba zote mbili, ila wageni wengi wanampita.

Kwamba alikuwa anajua kuliko mdogo wake, hapo twende taratibu, kwa sababu alimzidi miaka minne na nusu, kwa hiyo wakiwa wadogo lazima awe mbele. Lakini kwamba alikuwa hodari hasa, hilo lina ushahidi na ushahidi wenyewe ni baba yao. Mwaka 1764 wakiwa London, Leopold alimwandikia mwenye nyumba wao Hagenauer kwamba binti yake ni mmoja wa wapigaji stadi kabisa Ulaya ingawa ana miaka 12 tu. Hebu fikiria barua hiyo inafika Getreidegasse, kwenye jengo lile lile, inasomwa na yule mzee wa duka. Walizunguka wote wawili: Munich na Vienna mwaka 1762, halafu ile safari kubwa ya kuanzia Juni 1763 mpaka Novemba 1766, Paris, London, Uholanzi, wakicheza mbele ya wafalme. Matangazo yalikuwa ya watoto wawili, sio mmoja.

Kisha akakua. Desemba 1769 Leopold alipompeleka Wolfgang Italia, Nannerl aliachwa nyumbani na mama. Alikuwa na miaka 18, na msichana wa umri huo hawakumwona tena kama mtoto wa ajabu wa kuonyeshwa, waliona binti wa kuozwa. Akabaki anafundisha piano pale pale Salzburg. Na alikuwa anatunga pia, tunajua kwa sababu mwaka 1770 mdogo wake alimwandikia kutoka Italia akishangaa jinsi alivyotunga vizuri wimbo aliomtumia. Huo wimbo haupo leo. Hakuna hata kazi yake moja iliyobaki. Kila nikifika hapo moyo unauma, kwa sababu barua ya kumsifia imetunzwa na karatasi yenye muziki wake imepotea.

Ukifika Makartplatz tafuta picha kubwa ya familia, ilichorwa na Johann Nepomuk della Croce karibu na mwaka 1780. Nannerl na Wolfgang wamekaa kwenye piano moja, mikono yao imepishana, baba amesimama na violini yake, na mama yuko ukutani ndani ya picha nyingine kwa sababu alishafariki, alifia Paris Julai 1778 akiwa amemsindikiza kijana wake kutafuta kazi. Simama hapo angalia nani amepewa nafasi gani. Mchoraji amewaweka ndugu hawa wawili sawa.

Na hiyo nyumba ina habari nyingine ya Nannerl ambayo kwetu tutaielewa haraka. Mwaka 1784 aliolewa na ofisa mmoja, mjane aliyefiwa na wake wawili na mwenye watoto watano, akahamia St. Gilgen, kijiji kando ya ziwa, kwenye jengo lile lile ambalo mama yake mzazi alizaliwa. Mwaka uliofuata akarudi Salzburg kwa baba yake kujifungua, akazaa mtoto wa kiume akampa jina la babu, Leopold, kisha yeye akarudi kwa mumewe na mtoto akabaki kwa babu. Yule mzee alimlea mjukuu pale Makartplatz mpaka alipofariki 1787, na kwenye barua anamweleza binti yake habari za mtoto. Wapo wanaomlaumu Leopold kwamba alitaka kutengeneza Mozart mwingine. Mimi nadhani alikuwa na matumaini hayo kweli, lakini pia naona mzee mjane ambaye kijana wake yuko Vienna na binti yuko kijijini, amepata mtoto ndani ya nyumba. Nannerl alirudi Salzburg 1801 baada ya mumewe kufa, akafundisha piano tena, akaishi mpaka 1829, miaka 38 zaidi ya mdogo wake. Kaburi lake liko makaburi ya St. Peter hapo hapo mjini. Ukipata nafasi siku moja, pita.

Mwalimu wa kwaya hapa, parokia moja ya Mwanza. Sisi tunaimba Ave verum corpus ya Mozart kila Ekaristi kubwa. Je aliitungia kwenye hiyo nyumba? Na kuna nyimbo gani za kanisa zilizotoka hapo?

Hapana mwalimu, Ave verum ni ya mwisho mwisho kabisa, Juni 1791, aliiandikia Baden karibu na Vienna kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa msimamizi wa kwaya ya parokia pale, kwa ajili ya sikukuu ya Ekaristi. Yaani mnaiimba siku yake yenyewe. Miezi sita baadaye, tarehe 5 Desemba, Mozart alifariki, ana miaka 35.

Lakini muziki wa kanisa wa Salzburg ni mwingi, na wenu mkubwa ni Misa inayoitwa ya Kutawazwa, ile ya Do meja, aliimaliza Machi 1779 wakati wanaishi Makartplatz na yeye ndio kaajiriwa kuwa mpiga ogani wa kanisa kuu. Kama kwaya yako ina watu wa kutosha, Agnus Dei yake ina solo ya soprano nzuri kupita kiasi, jaribuni.

Kuna jambo utalipenda wewe kama mwalimu. Salzburg wakati huo haikuwa Austria, ilikuwa nchi ya peke yake inayotawaliwa na askofu mkuu, mambo yakabaki hivyo hivyo mpaka miaka ya Napoleon, na ikawa ya Austria moja kwa moja mwaka 1816. Kwa hiyo askofu mkuu Colloredo ndiye alikuwa mkuu wa dini, mkuu wa nchi na bosi wa Mozart kwa pamoja, na alitaka ibada fupi. Mwaka 1776 Mozart alimwandikia Padre Martini wa Bologna, mwalimu wa muziki, akilalamika kwamba Misa nzima, hata ile ya sherehe kubwa, isizidi robo tatu ya saa, na humo wanataka tarumbeta na ngoma. Ndio maana Misa zake nyingi za Salzburg Gloria na Credo zinakwenda mbio. Mwalimu yeyote ambaye paroko ameshamwambia apunguze beti atamwelewa Mozart hapo.

Ukienda, pita kanisa kuu la Salzburg, ni dakika chache kutoka Getreidegasse. Kisima alichobatiziwa siku moja baada ya kuzaliwa bado kipo, kimesimama juu ya simba.

Assalaam alaykum. Sisi wa Unguja hatuna nyumba ya mwanamuziki ya kutembelea? (Msomaji, Mjini Magharibi)

Waalaykum salaam. Ipo, Shangani, Makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, yamefunguliwa 2019. Freddie alizaliwa Stone Town tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia iliondoka 1964. Ni padogo, unamaliza haraka, lakini picha za familia zinaeleza utoto wake kwa namna ambayo matamasha hayaelezi. Nendeni, nyinyi mnafika kwa miguu.

Dada, tunaishi Vienna, mume wangu anafanya kazi hapa. Mtoto wetu wa kike ana miaka minane anajifunza piano na sasa hivi amechoka, anataka kuacha. Nikimpeleka kwenye nyumba ya Mozart atapata hamasa au ndio atazidi kuchoka?

Mama yake, nakujibu kwa moyo wangu wote: mpeleke, lakini usimpeleke kwa ajili ya kumwambia "umeona mwenzio?" Hilo litamuua kabisa huyo mtoto. Mozart hakuwa mwenzie. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki aliyeacha karibu kila kitu ili awafundishe watoto wawili, na gharama yake ilikuwa kubwa. Kwenye ile safari ya miaka mitatu na nusu watoto waliumwa vibaya. Mwaka 1765 kule The Hague Nannerl alishikwa na homa ya matumbo mpaka akapewa mpako wa wagonjwa wakijua anakufa, kisha Wolfgang naye akaanguka. Mwaka 1767 wote wawili wakapata ndui. Mimi kama mzazi sisomi habari hizo nikatamani safari ile kwa mtoto yeyote.

Mpeleke kwa ajili ya ile violini ndogo, mwache aikodolee macho mwenyewe. Mpeleke aone lile daftari lilikuwa la dada mtu kwanza, kwamba yule mdogo alianza kwa kuchungulia masomo ya msichana wa miaka minane, umri wake yeye. Na Makartplatz mpeleke kwenye ukumbi mkubwa uliokuwa wa mwalimu wa dansi kabla ya wao kuhamia, ambao familia iliutumia kwa muziki na marafiki, na pia kwa mchezo wao wa kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo, shabaha zenyewe zimechorwa vichekesho vya kutaniana. Watoto wanaupenda mchezo huo wakielezwa, na wanagundua kwamba ile nyumba haikuwa darasa mchana kutwa.

Hapo Vienna pia mna nyumba yake, Domgasse 5 nyuma ya kanisa la Stephan, lakini hiyo ni ya ukubwani, aliishi 1784 mpaka 1787 akiwa na mke na watoto, isiwachanganye. Kwa Salzburg treni ni kama saa mbili na nusu. Epukeni Agosti, ni wakati wa tamasha kubwa la Salzburg, hoteli bei zinapaa. Mwishoni mwa Januari kuna wiki ya Mozart na muziki ni mwingi, ila baridi ni kali, mvalisheni vizuri. Mkilala usiku mmoja chukueni Salzburg Card, inawaingiza nyumba zote mbili na kupanda mabasi ya mjini, na fikeni Getreidegasse milango inapofunguliwa asubuhi. Siku ya pili pandeni basi namba 150 mpaka St. Gilgen, chini ya saa moja, mkaone nyumba aliyozaliwa mama yao na alikoishi Nannerl, ni makumbusho madogo yaliyotulia kando ya ziwa na mtoto atapata pa kukimbia. Na kama akirudi bado anataka kuacha piano, mpumzisheni miezi michache, mtamuuliza tena.